Muuza Matikiti Kwenye Orodha ya Magaidi

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Mhairi Abercrombie alikuwa akibandua mifuko ya chai iliyogandana pale Zarwali, muuza matikiti aliyekufa miaka tisa iliyopita, alipotokea ukutani na kuuliza kama hapo ndipo wanapoandika magaidi.

"Ndipo," Mhairi alisema. "Ila huko ukutani kuna nyaya za umeme, baba. Kesho pitia mlangoni."

Zarwali akaomba radhi. Kilemba chake kilikuwa na vumbi la Waziristan, kule Pakistani, na kwapani alikuwa na tikiti. Pale kwenye chuo cha utafiti wa ugaidi, katika mji mdogo wa Uskoti wenye upepo usio na adabu, wafu hawakuwa wageni. Wawili walikuwa bado wanafundisha.

Mhairi, aliyetunza orodha ya mashambulizi yote ya kigaidi duniani, alimtafuta kwenye kompyuta. Akamsomea: mwanamume, mtu mzima, mshukiwa.

"Mshukiwa kwa lipi?"

"Ulikuwa karibu na kombora."

"Kombora ndilo lililokuja karibu nami, mwanangu. Mimi nilikuwa napanga matikiti."

Mhairi alicheka, kisha uso ukamwiva kwa haya. Mstari ule aliujaza yeye mwenyewe, siku yake ya kwanza kazini, huku mkono wa pili umeshika sambusa ya nyama ya kondoo.

Akampeleka kwa Profesa Farquhar Ogilvie, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akitafuta maana ya neno ugaidi. Kamati yake ilikuwa na wataalamu ishirini na mmoja na maana ishirini na mbili, kwa kuwa mmoja wao alikuwa hakubaliani na nafsi yake.

"Pole sana, mzee," Profesa alisema, akimvutia kiti. "Lakini nikikutoa kwa washukiwa, nitaulizwa aliyekuua nimwite nani. Na yule ana bendera, ana wizara, na ndiye anayelipia joto la jengo hili."

"Basi niandikeni muuza matikiti."

"Hakuna safu hiyo."

"Naweza kuiongeza," Mhairi alisema.

Profesa akaikusanya kamati yake. Akaitisha kura. Kumi na moja kwa kumi, wakaamua kuunda kamati ndogo.

Mchana ule Mhairi alifuta neno mshukiwa, akaandika muuza matikiti. Kabla ya saa kumi neno la zamani lilikuwa limerudi, na mezani pake kulikuwa na barua ya onyo, ya upole kabisa, juu yake biskuti.

Zarwali hakuondoka. Walimpa meza dirishani na kitambulisho cha mtafiti mgeni. Kila kikao alikata tikiti lake, nalo halikuisha. Maprofesa walilisifu, wakabishana, wakatema mbegu kwenye vikombe.

Mwaka uliofuata ripoti ya kamati ilichapishwa. Mhairi alimpelekea nakala. Jina lake lilikuwemo mara mbili: ukurasa wa mwanzo akishukuriwa kwa matunda, na nyuma kabisa miongoni mwa washukiwa.

Zarwali alilinganisha kurasa zile herufi kwa herufi.

"Huku nyuma," alisema, "angalau jina hawakulikosea."

Kisha akamsogezea Mhairi kipande cha katikati, kile kisicho na mbegu.