Rekodi ya Kutosogea

Kwenye bonanza la wakulima wa vitunguu, Ruaha Mbuyuni, kamati ilikwama kumchagua mwanamichezo bora. Vitus alikuwa amefunga mabao tisa. Tadeo alikuwa amekimbia kilomita ishirini na moja na kuwaacha wenzake mbali.

"Na mimi je?" Faustina akauliza. Kwenye timu ya kina mama ya kuvuta kamba, yeye ndiye hukaa mwisho na kujizungushia kamba kiunoni, na mwaka huu hawakushindwa hata mara moja.

Mwenyekiti, mzee Sosthenes, akacheka kicheko cha mtu asiyewahi kubeba gunia. "Mama Anjela, wenzako wamefunga, wamekimbia. Wewe tuandike umefanya nini?"

"Sijasogea."

"Hiyo nayo ni rekodi?"

Faustina alijifunga kamba, akazika visigino vumbini, akawatupia mwenyekiti na wanakamati wawili ncha ya pili. "Haya, vuteni!"

Walivuta mpaka mishipa ikawatoka shingoni, mpaka mwenyekiti akapiga magoti. Visigino vya Faustina vilikuwa kwenye mashimo yaleyale.

"Mwenyekiti," akasema, "kalamu yako imeanguka. Iokote, uandike."