Boriti za Mhandisi Aidarus

Aidarus bin Abdulhalim alirudi Mombasa siku chache baada ya Idi ya mwaka 1949, akiwa na vitu vitatu: kalamu ya wino, wageni wawili, na ramani aliyoikunja ndani ya mkebe wa bati. Kalamu aliipenda. Wageni aliwaheshimu. Ramani ndiyo aliyolala nayo.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa akisoma uhandisi Bombay. Huko alijiunga na chama cha wanafunzi wa uhandisi wa mataifa mbalimbali, vijana ambao likizo ikifika walipanda meli kwenda kujenga bure palipo na haja ya kujengwa. Aidarus aliwaandikia barua ndefu kuhusu mji wake, wakakubali kuja. Wakaja wawili: Vasant, aliyesoma naye darasa moja, mtu wa maneno machache na hesabu nyingi, na Nils, Mswidi mrefu, kiongozi wa safari, ambaye hakuna kizingiti cha juu pale mtaani Kibokoni ambacho hakikumgonga paji la uso.

Kazi yenyewe ilikuwa chuo cha Mwalimu Mwanaesha, mama wa makamo aliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa mzima. Mvua za masika ziliangusha dari ya chuo cha zamani usiku, watoto wakiwa makwao, alhamdulillahi, na tangu hapo watoto arubaini walisomea ukumbini kwake wamebanana, huyu akivuta pumzi, yule akiitoa. Aidarus alichora chuo kipya: urefu futi thelathini, upana futi kumi na tano, madirisha sita. Ilikuwa ramani nzuri. Hata mimi ningeisifu.

Na roho yake yote ilikuwa humo. Baada ya Mombasa chama kilikuwa kinakwenda Italia, kujenga daraja la kijiji lililovunjwa wakati wa vita, na kulikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Nils angempa mwanafunzi ambaye ramani yake imejengwa, jengo limesimama, na mwenye jengo ameridhika. Majina matatu yalikuwa yakingoja, moja likiwa la Aidarus. Aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota akiwa macho, kijiko kimesimama baina ya sahani na mdomo, na mamake, Bimdogo, akimwambia, "Kula, mwanangu, hiyo Italia haikimbii."

Kazi ikaanza kwa furaha. Msimamizi wa waashi alikuwa Fundi Taib, ndugu wa Bimdogo, mjomba wa Aidarus, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule na kukarabati nusu iliyobaki. Pamoja naye alikuwako Thoya, kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, ambaye akitia jiwe mahali halitoki. Siku ya kwanza kamba ziliponyoshwa, Fundi Taib aliutazama upana ule, akamtazama mpwawe, akautazama tena upana, kisha akakohoa na kuanza kuchimba msingi. Aidarus aliona kikohozi kile ni cha vumbi.

Asubuhi Nils na Vasant walibeba mawe, wakakanda chokaa, wakababuka ngozi. Mchana walikwenda Makadara kula mahamri kwa mbaazi, na Nils akajifunza kusema "niongeze" kabla hajajua kusema "asante." Baada ya wiki nne kuta zilisimama zimenyooka. Vasant alizipima kila pembe akatoa tabasamu, ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Kisha zikaja boriti.

Zilikuja kwa mkokoteni, rundo zuri la mikoko iliyokauka, ngumu kama chuma. Thoya alipanda ukutani akaivuta ya kwanza, akaweka ncha moja juu ya ukuta wa huku, akaisukuma ielekee ukuta wa pili. Boriti ikaenda, ikaenda, ikaishia hewani. Mpaka ukuta wa pili palibaki nafasi ya mtu kulala na kujinyosha.

Thoya akaishika isianguke, akatazama chini.

"Zile ndefu zaja lini?" aliuliza Nils kwa Kiingereza, kwa adabu zote.

Hazikuwapo ndefu. Mkoko haukupi boriti ya kutumainiwa zaidi ya futi tisa, na kila mtoto wa Mji wa Kale amelala katika chumba chembamba kwa sababu hiyo hiyo. Aidarus alizaliwa chini ya boriti. Alipougua surua alizihesabu boriti za chumbani kwake siku kumi na nne. Lakini pale Bombay, mbele ya karatasi nyeupe, alitaka kuchora chumba cha kileo, na boriti zikamtoka akilini kabisa.

"Mjomba," alisema kwa sauti ndogo, "wewe hukuona?"

"Naliona siku ya kamba," akasema Fundi Taib. "Nalidhani mna vyuma vyenu vyaja kwa meli. Sasa n'kuulize mbele ya wageni wako, n'kuvunjie heshima?"

"Na mimi nilimwona Fundi amenyamaza," akasema Thoya kutoka juu, "nikadhani anajua."

Vasant naye alikiri kwamba alikuwa amehesabu uzito wa dari mpaka ratili ya mwisho, ila urefu wa miti hakuuliza. Na Nils alitoka katika nchi ambayo mti unaukata kwa urefu uutakao. Kwa hiyo watu watano wenye akili timamu walijenga kwa wiki nne chumba kisichoezekeka, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Nils alimvuta Aidarus kando. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa hatari. "Tutaandika kwamba mbao ndefu zimekosekana bandarini tangu vita," alisema. "Si uongo, zimekosekana. Tutaezeka makuti kwa sasa. Nafasi yako haitaguswa."

Aidarus alikubali kwa kichwa. Akajiona mwepesi kwa muda wa kutoka pale mpaka kwa Mwalimu Mwanaesha, maana ni yeye aliyetumwa kumpa habari.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, watoto wakisoma nyuma yake kwa sauti arubaini tofauti. Hakulalamika. "Basi makuti, mwanangu, yatatusitiri," alisema. "Pengine ni mimi niliyetaka kikubwa mno. Mngenijengea kidogo, mbao zingetosha. Waombe radhi wale wageni, nimewasumbua."

Maneno hayo yalimchoma Aidarus. Angetukanwa angestahimili. Lakini mama yule ajilaumu, aombe radhi, kwa kosa ambalo hakulitenda! Alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, na Italia yote ikawa ndogo.

"Mwalimu, mbao hazikukosekana," alisema. "Mimi nimekosea. Nalichora chumba bila ya kufikiri boriti. Mtu mwingine hana kosa."

Mwalimu Mwanaesha akamtazama. "Wewe? Na ule upana wote wa kichwa?" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango, na watoto wakaacha kusoma wakacheka pia bila kujua wanacheka nini.

Kesho yake Aidarus aliyasema hayo hayo uwanjani, mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili asije mtu akasema hakusikia. Nils alitoa daftari lake, akaandika mstari mmoja, akalirudisha mfukoni. Aidarus akajua nafasi imekwenda. Ilimuuma sana, sitakuficha, lakini usiku ule alikula sahani mbili.

Lililobaki ni chumba. Alasiri ya siku ya pili, alipokuwa amekaa msikitini akingoja sala ikimiwe, akili yake haikuwa pale, Mungu amsamehe. Alikuwa akiitazama dari. Msikiti ule ulikuwa mpana kushinda chuo mara mbili, na boriti zake zilikuwa zile zile fupi. Ila katikati palikuwa na safu ya nguzo, na juu ya nguzo gogo nene, na boriti za kila upande zikaegemea gogo. Amesali mle tangu utotoni, na nguzo alizijua kwa kuziegemea tu. Sala ilipokwisha alitoka mbio na kiatu kimoja.

"Nguzo mbili!" alimwambia mjomba wake. "Gogo katikati, urefu wote wa chumba. Kila upande utabaki futi saba u nusu."

"Sasa umesema la watu," akasema Fundi Taib, ambaye jawabu hilo alikuwa nalo tangu siku ya boriti, lakini alitaka litoke kwa mwenyewe.

Thoya alikumbuka magogo ya mvule yaliyolala bandarini Mbaraki tangu wakati wa vita, na Fundi Taib alimjua aliyeyasimamia. Kufika Jumamosi magogo matatu yalikuwa yamekuja, mawili yamesimamishwa nguzo, la tatu limelazwa juu yake, na boriti zimepangwa pande zote mbili, zimejaa sawasawa. Juu yake wakapanga mawe mapana, wakamwaga kokoto na chokaa.

Hapo ikabaki kazi ambayo haihitaji ramani: kupiga sakafu. Chokaa ya dari hupigwa kwa vigogo vyenye mpini, siku tatu mfululizo, mpaka ishikane na isipitishe tone, na haipigwi kwa ujira, inapigwa na mtaa. Asubuhi zilikuwa za wanawake, shuka zimetundikwa kuzunguka dari, na jioni za wanaume. Bimdogo ndiye aliyeongoza nyimbo, kwa sauti iliyofika Makadara bila kupanda gari. Wala hakumbakisha mwanawe:

*Mhandisi wa Bombei,*
*kalamu i mfukoni,*
*boriti hazitembei,*
*zimekomea njiani!*

Vigogo vikashuka pamoja, du! Vicheko vikapanda. Chini, Aidarus alikuwa akichuja chokaa, mweupe mpaka kope, akizomewa na mamake mzazi mbele ya ulimwengu. Vasant aliomba afasiriwe. Alipofasiriwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, nadhani. Jioni ilipofika zamu ya wanaume, Nils akapanda na kigogo chake akiimba "zimekomea njiani" kwa Kiswahili cha kutisha, na Aidarus akajikuta anaimba kwa nguvu kuliko wote. Raha ya kupiga sakafu ni hiyo: mkono wako hauwezi kukasirika wakati mikono ishirini inashuka nao.

Siku ya nne watoto waliingia chuoni. Meli ya Italia ilikuwa imebakisha siku tatu.

Nils alikuja na fomu ya chama. Kwa heshima ya Mwalimu alikaa nje barazani, na Aidarus, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kufasiri, akakaa ndani mkekani na kalamu yake ya wino, asome maswali na kuandika majibu kuhusu nafsi yake.

"Swali la kwanza: jengo limekwisha?"

"Limekwisha, na lapendeza. Andika lapendeza."

Akaandika.

"La pili." Aidarus alisoma taratibu. "Ramani ya mwanafunzi ilifuatwa?"

"Haikufuatwa," akasema Mwalimu Mwanaesha, ambaye miaka thelathini hakumruhusu mtoto kuruka hata herufi moja. Akaiona kalamu imesita. "Andika, mwanangu. Haikufuatwa, kwa sababu aliyeichora aliona kosa lake, akalisema kabla watu hawajakaa chini yake. Mbona huandiki?"

"Naandika, Mwalimu."

Aliandika yote, herufi kwa herufi.

"La tatu: ungempokea mwanafunzi huyu tena?"

Kabla Mwalimu hajajibu, Mwanabaraka, msichana wa miaka saba aliyekuwa ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili akizunguka nayo badala ya kusoma, akadakia, "Mwalimu, mwambie akosee tena, tupate nguzo ya tatu!"

Chuo kizima kikavunjika mbavu. Mwalimu aliinua kidole, kicheko kikazimika, ila chake mwenyewe kilimchukua muda.

"Andika hivi," alisema. "Kwa sasa simpokei. Huko Italia wako watu hawana daraja, nendeni naye akawajengee. Lakini mumrudishe. Chuo changu chataka ghorofa, na huyu ndiye mhandisi wetu."

Kalamu ikasimama. Tangu siku ya boriti neno hilo, mhandisi, alikuwa akilisikia kwa mzaha, sokoni, darini, katika nyimbo za mamake. Sasa lilikuja bila mzaha, na Aidarus bin Abdulhalim, wa chuo kikuu cha Bombay, akainamisha kichwa juu ya fomu ili watoto wasione machozi. Wote waliyaona.

"Amesema nini?" Nils aliuliza kutoka barazani.

Aidarus akamfasiria. Neno "wetu" alilirudia mara mbili.

Nils aliichukua fomu. Akatoa daftari lake, akamfungulia ule mstari alioandika siku ile uwanjani. Ulikuwa na maneno machache: *Mtu wa tatu: Aidarus. Amesema kosa lake mwenyewe.* Kisha akaiegemeza fomu kwenye ukuta mpya, akatia sahihi, na akauliza swali moja tu. "Una koti la baridi?"

Aidarus alitikisa kichwa. Koti lilikuwa jambo ambalo hakulichora mahali popote.

"Yuauliza nini huyo?" Bimdogo aliuliza kutoka mlango wa jirani, ambako, kwa bahati, alikuwa akipepeta mchele ule ule tangu asubuhi.

"Koti, mama. Kama n'na koti la baridi, la kwenda Italia."

Ungo ukatua chini. Bimdogo alimtazama mwanawe, akafuta uso kwa ncha ya leso.

"Mwambie litashonwa," alisema. "Na wewe njoo hapa nikupime mwenyewe. Kwa vipimo vyako mikono itakomea njiani."