Upepo wa Nyumbani kwa Fundi Vioo

Fundi vioo alikuwa ameweka vioo vya benki, vya shule na vya nyumba za wakubwa, lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa na madirisha manne ya plaiwudi. Majirani wakiuliza, alijibu, "Upepo." Hata siku ambazo nguo hazitikisiki kwenye kamba, alikaza uso na kusema upepo. Majirani nao si wajinga. Walikuwa wakiusikia upepo huo ukirusha sufuria na kumwita baba yake mjinga.

Upepo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka tisa na mapengo mawili, na nyumbani waliuita Cheche.

Wazazi wake walikuwa wamezunguka naye mwaka mzima mpaka viatu vikaisha soli. Daktari wa kwanza alisema atakua ataacha. Wa pili alimpa dawa ya minyoo. Mshauri wa shule aliomba uhamisho. Kisha dirisha la nne lilipovunjika, kipande cha kioo kiliangukia kitanda cha mdogo wake Cheche, mtoto mchanga, shibiri moja tu kutoka kichwani. Mama yake Cheche hakupiga kelele. Alimbeba mtoto akahamia naye jikoni, akamwambia mumewe, "Tafuta pa kumtibu mwanetu. Safari hii usinirudie na maneno."

Ndipo wakaipata kliniki inayotibu watoto wenye hasira kali: kila siku, asubuhi mpaka saa tisa, kwa wiki nane. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, nayo haitolewi bila mahojiano.

Basi fundi aliposikia mahojiano, akili yake ilikimbilia mahojiano aliyoyajua, ya kuingia shule. Siku tatu alimnoa binti yake.

"Una hasira?"

"Hapana, daktari."

"Ukiudhiwa unafanya nini?"

"Ninahesabu mpaka kumi, daktari."

Alimnunulia na soksi nyeupe. Akabeba na cheti alichopewa binti huyo cha usafi wa darasa.

Chumba cha daktari kilikuwa na dirisha kubwa, na fundi, kwa mazoea ya kazi, aliligonga kwa kidole kabla hata ya kukaa. Kioo kizuri, ila gundi ilipakwa na mlevi. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alimwangalia tu.

"Shikamoo, daktari," Cheche akasema, mikono magotini.

"Marahaba, mwanangu. Huwa unakasirika?"

"Hapana, daktari. Ninahesabu mpaka kumi, daktari."

Fundi akavimba kichwa. Daktari akapitia fomu, akauliza mawili matatu, akajibiwa kwa adabu tupu. Mwishowe akafunga faili.

"Hongera, baba. Mtoto huyu ana heshima kuliko wafanyakazi wangu. Nafasi hii nitampa mwenye shida."

Fundi akaruka kutoka kitini. Alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Daktari, ngoja! Huyu si mpole hata kidogo! Anarusha sufuria huyu, tena ana shabaha! Madirisha yangu manne..."

"Madirisha umeandika hapa yalivunjwa na upepo."

Fundi akafungua kinywa. Alimtazama binti yake na soksi zake nyeupe. Mwaka mzima hakuwahi kusema nani anayavunja mbele ya mtu, na mbele ya mtoto ndiyo kabisa.

"Ni mimi," Cheche akasema.

Daktari akavaa miwani.

"Kwanza mikono inapata moto. Halafu sisikii mtu. Halafu kioo kimeshavunjika, na baba anasema upepo." Akavuta soksi moja mpaka ikanyooka. "Nikajua ni kitu kibaya sana, ndiyo maana hata baba anaogopa kukitaja. Lakini ningemuua mdogo wangu."

Fundi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Alidhani alikuwa anamfichia mtoto, kumbe alimwacha peke yake na jambo hilo.

"Ni yeye, daktari," akasema. "Yote manne. Nampenda, na wakati mwingine namwogopa. Tusaidie."

Daktari akamsogezea fomu na kalamu. "Futa upepo. Andika upya."

Akaandika mpaka nafasi ikaisha, akageuza nyuma.

"Jumatatu, saa mbili kamili," daktari akasema. "Wote wawili."

"Na mimi?"

"Kwani upepo uliuleta nani?"

Cheche akacheka, mapengo yote mawili yakaonekana.

Jumapili fundi aling'oa plaiwudi ya dirisha la mbele, akampa Cheche ashike kioo kipya upande wa chini.

"Nikivunja tena?"

"Nitaweka kingine."

Jirani aliyekuwa akipita akasimama, ametega mtego wake wa kila siku. "Fundi! Leo upepo umetulia?"

Fundi akaweka gundi chini.

"Hakukuwa na upepo, jirani. Ni binti yangu alikuwa akivunja. Anaumwa hasira, na kesho tunaanza matibabu."

Fundi akageuka haraka kumtazama Cheche, kisha kioo. Cheche alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili, na hakukiachia.