Zulia la Injini

Kila Oktoba ikiingia, Anarkul alijua mumewe ameshahamia kwenye gari. Sagin alikuwa amefunga matairi ya theluji, amebadili maji ya rejeta, na sasa ameinama mbele ya jiko akikunja zulia nene la manyoya ya kondoo ambalo Anarkul hulipigia magoti akikanda unga.

"Hilo unalipeleka wapi, baba Temir?"

"La mwaka jana limetafunwa na panya. Injini ikilala wazi kwa baridi ya hapa Naryn, asubuhi haiwaki."

"Na magoti yangu je?"

"Magoti yako hayatupeleki sokoni, mama."

Kushindana na chuma miaka thelathini kulikuwa kumemchosha Anarkul. Alisimama dirishani akamtazama akiifunika injini, akichomeka kingo za zulia huku na huku, taratibu, kama anayelaza mtoto mchanga.

Jioni Sagin aliingia na betri mikononi, kama afanyavyo kila majira ya baridi, ili ilale ndani kwenye joto. Akakuta godoro lake limesogezwa karibu na jiko, blanketi limekunjuliwa, mto umewekwa. Moyo ukamlainika.

"Umenitandikia, mama Temir?"

"Nimeitandikia betri," alisema Anarkul, akiendelea kumimina chai bila kumtazama. "Wewe kalale garini. Zulia langu liko huko."