Mtutu Uliobaki Kwenye Mashine

Tusidanganyane: Kyakimwa, mke wa Aimé, alikuwa na kichwa kigumu. Kila Jumamosi, akiisha kufunga duka lake la chumvi na vitenge karibu na bandari, Kyakimwa aliingia kibandani nyuma ya nyumba, akafunua turubai, akaipaka mafuta mashine ya kukereza chuma ya mume wake. Wakati wa vita mafuta ya mashine yalikosekana mjini Kindu, akapaka mawese. Mashine ikawa nyekundu, ikanata kama sufuria isiyooshwa, lakini kutu haikuigusa.

Mahali pamoja tu hakupagusa. Mdomoni mwa mashine, meno matatu ya chuma yalikuwa yangali yameuma mtutu wa bunduki ambao Aimé hakuumaliza.

Aimé alikuwa fundi wa reli. Kabla ya vita aliiundia kilabu ya wafanyakazi bunduki moja ya shabaha, maana Jumapili walishindana kulenga karatasi iliyobandikwa kwenye kichuguu. Watu walisema risasi ya ile bunduki inakwenda pale pale inapotazama. Ndivyo alivyokuwa huyo bwana: kila kitu lazima kinyooke. Hata mchi wa mke wake aliuchonga upya eti umepinda, ingawa mke alikuwa akitwanga nao bila kulalamika. "Wewe utaniua na huku kunyoosha," Kyakimwa alimwambia, akacheka.

Vita vikafika. Komanda mmoja akaichukua bunduki ile, na haukupita muda watu waliokuwa wakikimbia kwa mitumbwi wakaanza kuanguka mtoni Lualaba, wamepigwa kutoka mbali ambako askari wa kawaida hafikishi risasi. Aimé aliacha kula. Kisha komanda akaja nyumbani mwenyewe: alitaka ya pili kama ile. Nani angekataa, na mke ana mimba ndani ya nyumba? Aimé akafunga chuma kwenye mashine, akaanza kazi, polepole mno.

Asubuhi moja askari walimfuata. Silaha zao huko Lokandu zilikuwa zimeharibika; atengeneze, kisha arudi amalizie mtutu. Mlangoni Aimé alimtazama mke wake machoni.

"Muntu yeyote asiutoe ule mtutu," alisema. "Ukitoka kwenye meno hauwezi tena kurudi katikati yake, kazi yote inakufa. Nitarudi, nitamaliza."

Askari walirudi bila yeye, wakautaka mtutu. Kyakimwa alisimama mbele ya mashine na tumbo lake, akayarudia maneno ya mume wake neno kwa neno. Hawakujua kitu juu ya mashine, wakamwamini, wakaenda. Baadaye vita viliwapeleka kwingine. Habari za Aimé hakuzileta mtu. Kaka mkubwa wa Aimé alipokuja kuomba waweke matanga, Kyakimwa alimfukuza uani. "Muntu amesema atarudi. Munamulilia nini?" Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mtoto akazaliwa, Falone, akakua, akajifunza ukerezaji kwa wazee wa reli. Sasa ni mwanamke mzima mwenye mikono ya baba yake. Juzi mwenye boti alimletea ekseli ndefu ya pangaboi, iliyolika, na Falone hakupata mashine nyingine ya kuitosha.

"Mama, mashine iko, kazi iko," alisema. "Kinachonizuia njo kile chuma."

"Baba yako akirudi..."

"Baba hatarudi, Mama. Kama sina ruhusa ya kulisema, basi nitakwenda Goma, nikakereze kwenye mashine za wengine."

Kyakimwa aliona nyumba iliyobaki na yeye na mashine tu, Jumamosi hadi Jumamosi. Akatoa ufunguo wa mdomo wa mashine kwenye sanduku lake la nguo, akauzungusha kwa mkono wake mwenyewe. Meno yakaachia.

Falone aliupokea mtutu, akautazama kwenye mwanga wa mlango. Akaugeuza. Akachukua waya, akaupitisha upande mmoja, ukagota katikati. Akaupitisha upande wa pili, ukagota vilevile.

"Alitoboa kutoka huku na kutoka kule," alisema taratibu. "Matundu hayakutani, Mama. Yamepishana."

"Alikosea?"

"Hapana. Alama zake za kupimia hizi hapa. Alipima vizuri, njo akapotosha kwa kusudi. Humu hamungetoka bunduki hata siku moja."

Kyakimwa alikaa chini, juu ya vumbi la chuma. Ilimwingia kidogo kidogo. Mtutu ukiwa kwenye meno, hakuna wa kuchungulia ndani. Wangechungulia, wangeimaliza nyumba nzima, na mtoto tumboni. Na hapakuwa na kitu cha kumalizia. Aimé alilijua hilo pale mlangoni, alijua nini kinamngoja, akasema atarudi.

"Aliniongopea," alisema. "Alinitazama machoni akaniongopea. Na mimi nikamungojea."

Falone alichuchumaa amshike. Mama yake aliuondoa mkono wake, si kwa ukali.

"Nenda kwa baba yako mukubwa. Umwambie watu waje na mikeka. Leo njo matanga ya Aimé."

Kisha akafungua kitambaa kichwani, akaupakata ule mtutu kama mtoto, akamlilia mume wake kwa mara ya kwanza.