Kopo la Diodi Zilizokufa

Jumatatu, Mwalimu Mkuu Aron alimwambia Chemutai, mwalimu wa sayansi, wazi: mashine yake ya umeme isipotoa cheche Ijumaa mbele ya wazazi, chumba cha sayansi cha wasichana kitawekwa mahindi. Alisema akicheka, na ofisi nzima ikamsaidia kucheka. Ufunguo wa chumba hicho akautia mfukoni.

Mashine ilikuwa karibu tayari. Kulikuwa na koili ya kuwashia injini ya lori, betri ya gari, na chupa kubwa iliyofunikwa ndani na nje kwa karatasi ya bati kutoka sanduku la majani chai. Ilikosa diodi ya umeme mkali, ile iliyo kama lango la zizi linalofunguka upande mmoja, umeme uingie chupani usirudi. Kericho mjini alizunguka maduka yote ya redio, akapewa pole tu.

Jumanne akaenda kwa Ombati, fundi wa televisheni pale Sigowet. Ombati akamwonyesha kopo la diodi kuukuu chini ya meza.

"Hizo zimekufa, Mwalimu. Nimezipima mwenyewe kwa kipimo cha umeme, sindano yake haikutikisika."

"Ulizipima na betri gani?"

"Hii ndogo ya ndani ya kipimo."

"Basi nipe hao wafu wako."

"Utawafanyia matanga?"

"Nitawafufua. Na hicho kipimo nitakirudisha Jumamosi."

Ombati alicheka, lakini alikitoa. Mvua ilikuwa imeanza, na mkewe, Nyakerario, akavifunga vyote kwa leso yake mwenyewe, akaongeza hindi la kuchoma, bila kuulizwa.

Chemutai alijua diodi ya aina hiyo haiamshwi na betri moja. Kesho yake kila msichana alileta betri za tochi ya nyumbani kwao, wakazipanga ishirini, moja nyuma ya nyingine, ndani ya mwanzi uliopasuliwa. Diodi ya kwanza ilikuwa imekufa kweli. Ya pili pia. Ya tatu, sindano ikainuka. Akaigeuza, sindano ikalala. Wasichana wakashikana mikono.

Ijumaa, Aron alikuwa amefungua chumba na kupanga magunia ya mahindi mlangoni. Chemutai hakuomba yaondolewe. Wazazi waliyaruka wakaingia, na Mama Chepkemboi, aliyechoka kwa kuchuma chai tangu alfajiri, akakalia moja.

Chemutai aliwasogeza watu nyuma. Koili ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Kisha akasogeza waya wenye mpini mrefu wa mti karibu na chupa. Cheche ya buluu ikaruka, ikalia kama tawi kavu linalovunjwa.

Aron alikohoa, akasema hakuona vizuri, arudie.

Chemutai akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo kwanza, Mwalimu Mkuu."

Aron aliwatazama wazazi. Mama Chepkemboi alikuwa ameshainuka, amebeba lile gunia mgongoni, analipeleka nje.