Mkono wa Bibi Arlene

Galen Thorsby alipofumba macho nje ya chumba cha kamati na kusema tuombe, Marlys aliingiwa na kinyaa.

Si maombi yaliyomkera. Miaka kumi na mmoja ameitumikia taasisi hii ya kutetea familia kwenye bunge la jimbo, hapo Lincoln, Nebraska, na hajawahi kuona shahidi wao akiingia kutoa maoni bila kwanza kushikwa mikono na kuombewa. Ndiyo desturi yao, na siku zote aliipenda. Kinyaa kilimjia kwa sababu saa moja tu iliyopita, ofisini, Galen, mkubwa wake wa kazi, alikuwa amemuuza huyo huyo bibi aliyekuwa akimwombea.

Bibi mwenyewe ni Arlene Kucera, mjane kutoka mji mdogo wa Ord, anayelea wajukuu watatu tangu binti yake amezwe na dawa za kulevya. Jimbo likimkabidhi mtoto kwa mtu baki, humpa mlezi huyo fedha za matunzo. Bibi akilea damu yake, ajijue. Muswada wa siku hiyo ulitaka wote wasaidiwe sawa. Marlys ndiye aliyemtafuta Arlene na kumbembeleza aje, akamwahidi kwamba akimaliza yeye kusema, Marlys atasimama kwa niaba ya taasisi kumuunga mkono. Wahafidhina wa kamati walikuwa wakiisikiliza taasisi. Bila sauti ya taasisi, muswada ungekufa.

Asubuhi hiyo mwenyekiti wa kamati akampigia Galen simu. Yuko tayari kuupitisha muswada wao mwingine, ule wa kufanya talaka iwe ngumu, mradi kwenye huu wa mabibi wasiunge mkono. Galen hata hakuomba muda wa kufikiri. Marlys alipolalamika, akamkumbusha kwa upole kwamba muswada wa talaka ni jasho lake Marlys la miaka minane. Hapo Marlys akanywea. Aliutaka mno muswada ule, na Galen alilijua hilo.

Sasa walikuwa wamesimama duara, Galen mkono wa kulia wa bibi, Marlys wa kushoto. Kiganja cha Arlene kilikuwa kikavu na chenye sugu.

"Bwana, mpe mama yetu ujasiri," Galen aliomba, kwa sauti ile nzito anayoiweka akiba kwa shughuli kama hizi. "Ajue hayuko peke yake."

Galen, macho makavu kabisa, bila haya. Marlys akasema amina pamoja nao.

"Nikimaliza tu ni wewe, sivyo?" Arlene akamuuliza Marlys. "Maana mie nikiwaona wale wakubwa nitababaika."

"Hutababaika, bibi," Marlys akajibu, na swali lenyewe akaliacha likapita.

Wala hakubabaika. Alisema kwamba mjukuu wake mdogo kabisa bado analala na viatu, akiogopa kuhamishwa usiku, na kwamba yeye ameuza trekta la marehemu mumewe ili kuwalisha. Taa nyekundu ya kuashiria kwamba dakika zake tatu zimekwisha ilipowaka alikuwa katikati ya sentensi. Akaikatiza, akashukuru.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine anayeunga mkono. Arlene akageuka kwenye kiti chake, akamtazama Marlys, akatabasamu kidogo ili kumtia moyo. Marlys akainamia karatasi zake. Mwenyekiti akauliza mara ya pili, kisha akawaita wanaopinga, na mwisho kabisa wasioegemea upande wowote. Ndipo Marlys akainuka. Akasoma kwamba taasisi inawaheshimu sana mabibi wa jimbo hili, ila kwa sasa haina msimamo. Kinywa chake kilimnuka mwenyewe.

Galen akampigapiga begani, akakimbilia chakula cha mchana.

Arlene alikuwa akimsubiri mlangoni, koti limeshafungwa vifungo vyote, kwapani kopo bapa la kolache, vimikate vitamu vyenye jemu ya matunda, alizozioka alfajiri kwa ajili ya watu wa taasisi. Marlys akaanza kueleza habari za mwenyekiti, habari za talaka, kwamba mwakani watajaribu tena. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tulipokuwa tunaomba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Arlene akalihamishia kopo kwapa la pili, akaufuta mkono wake wa kushoto kwenye koti, polepole, kiganja na nyuma yake.

"Basi siku nyingine, mwanangu, ukiwa unajua," akasema, "usinishike mkono."

Akaondoka na kolache zake.